Kijitabu cha kijani cha fasihi: kurasa ambazo hakuna anayezitoa kopi

Nina duka la steshenari Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Nauza madaftari, kalamu na bahasha, natoa kopi, nabaindi ripoti. Kijitabu ninachotaka kukieleza nimekiuza kwa miaka miwili kwa shilingi 4,500, na mwaka huu nimekisoma mwanzo hadi mwisho pamoja na mpwa wangu aliye kidato cha tatu. Jina la aliyekichapa siliweki hapa, maana nina malalamiko naye na bado hatujazungumza. Ila ukikiona utakijua: jalada la kijani kibichi, picha ya kitabu kilichofunuliwa, kurasa 96, kimeshikwa na pini mbili tu katikati. Ndani kina mbinu za ufahamu na ufupisho, istilahi za fasihi, ushairi, na mazoezi.

Wiki mbili kabla ya mitihani wanafunzi huja dukani makundi makundi. Mmoja ana kijitabu, wenzake wamekunja noti mkononi. "Shikamoo. Tunaomba kopi, ukurasa wa 38 mpaka 47." Ukurasa mmoja ni shilingi 100, kwa hiyo kila mmoja anatoa elfu moja. Kurasa hizo kumi ndizo zenye orodha ya tamathali za semi, yaani mbinu za kupamba lugha: tashibiha ni nini, sitiari ni nini, tafsida, mubalagha, takriri, ritifaa, mpaka mwisho. Nakala niliyoiweka kaunta nikiiachia tu inafunguka yenyewe ukurasa wa 38. Lakini kwa karibu miaka yote hiyo miwili, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeniomba kopi ya ukurasa wa 60 mpaka 83. Huko kuna vifungu kumi na viwili vya kusoma, kila kimoja na maswali yake, na mimi nasema bila kusita kwamba thamani ya kijitabu hiki iko huko.

Nimelijua hilo kwa sababu ya karatasi ya jaribio. Mwezi wa tatu mpwa wangu alipita dukani akitoka shule, hata begi hakulitua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mbona hivyo?"

Akaniwekea karatasi juu ya kaunta. Nne kwa kumi. Swali lilitaka abainishe tamathali za semi tano zilizotumika katika kifungu na aeleze zimetumikaje. Alikuwa amezitaja tano, nne sahihi, moja alikosea. Kwenye maelezo hakupata kitu. Kila mahali alipotakiwa kueleza alikuwa ameandika maana ileile ya ukurasa wa 38, neno kwa neno: "Tashihisi ni tamathali inayokipa kitu kisicho na uhai sifa za kitu chenye uhai." Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: umetaja, hujaeleza.

"Lakini mjomba, maana si nimeandika?" Ameandika, na ni sahihi. Ndipo nilipokitoa kijitabu, nikafungua ukurasa wa 60, tukakaa kwenye benchi nyuma ya mashine.

Kifungu cha kwanza ni kifupi, hakifiki nusu ukurasa. Kijana anarudi kijijini kwa babu yake baada ya miaka mingi. Nyumba ni ya udongo na makuti. Babu amelala kwenye kitanda cha kamba, anamkaribisha mgeni kwa maneno machache, na tunaambiwa alikibana kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu inakuja sentensi hii: "Upepo wa kusi ulipopita, nyumba ilikohoa vumbi."

Mpwa wangu hakuchelewa. "Tashihisi." Sawa. Nikamsomea swali la nne kama lilivyo kwenye kijitabu: kwa nini mwandishi hakusema "nyumba ilitoa vumbi"? Akanyamaza. Akarudia kusoma. Mteja akaja kununua kalamu mbili, nikamhudumia, akaondoka, yeye bado kainama. Halafu akasema taratibu, "Mjomba, babu anaficha, nyumba inamtaja."

Nilihisi kama nimewashiwa taa. Mimi mwenyewe nilikipita kifungu hicho mara mbili nisilione. Babu anazuia kikohozi ili mjukuu asijue kuwa anaumwa, lakini nyumba aliyoishi umri wake wote inakohoa mbele ya mgeni. Neno "ilikohoa" limebeba ugonjwa ambao babu hataki kuutamka. Tukaandika jibu kwenye daftari: tashihisi, nyumba imepewa tendo la binadamu la kukohoa, imetumika kufichua ugonjwa ambao mhusika anauficha. Mstari mmoja na nusu. Kwenye lile jaribio, mstari kama huo ungempatia ile alama ya pili.

Hapo ndipo aliyeandika vifungu hivi anapostahili kusifiwa. Kila kifungu kina swali moja la namna hiyo, swali la "kwa nini neno hili na si lile", na halikai mahali pamoja. Mara liko mwisho, mara ni la pili, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuliruka kwa mazoea. Kifungu cha tano kina mwanamke anayeomba kwa jirani, na sentensi inasema: "Alikuwa mkata, hata chumvi aliazima." Swali linataka maana ya "mkata" bila kufungua kamusi. Mpwa wangu aliandika "mtu anayekata kuni". Ukiangalia umbo la neno huwezi kumlaumu. Lakini nusu ya pili ya sentensi ndiyo kamusi yenyewe: mtu anayeazima hata chumvi ni maskini, hana kitu. Kijitabu kinamfundisha mwanafunzi kushuka mpaka mwisho wa sentensi kabla ya kuamua maana, na kina mazoezi sita ya aina hiyo. Ni stadi ndogo, lakini itamsaidia hata kwenye Historia na Biolojia, ambako anakutana na maneno ya Kiingereza asiyoyajua kila ukurasa. Watoto wetu sekondari wanasoma karibu masomo yote kwa Kiingereza. Kiswahili ndipo mahali wanapoweza kujifunza kusoma kwa kina katika lugha wanayoota nayo, na inaniuma kuona mahali hapo panapuuzwa. Wazazi wengine huniambia hapahapa kaunta, "Kiswahili cha kununulia kitabu? Si lugha yetu?" Ni lugha yetu, ndiyo. Mpwa wangu amezaliwa Tanga, na amepata nne kwa kumi.

Sehemu ya mbinu za ufahamu, kurasa za mwanzo, ina ushauri mmoja ambao sikubaliani nao. Inasema mwanafunzi aanze na maswali ndipo asome habari. Nimemjaribu mpwa wangu kwa njia zote mbili. Akianza na maswali, anasoma kama mtu anayetafuta funguo: anakimbilia sentensi yenye neno lililo kwenye swali, anainakili nzima, anahamia linalofuata. Akisoma habari mara moja kwanza, bila kalamu mkononi, kisha maswali, kisha habari tena, majibu yake yanakuwa ya kwake. Muda unaongezeka dakika tatu au nne. Kwangu mimi dakika hizo si hasara. Kwenye ufupisho, kwa upande mwingine, kijitabu kimenifundisha kitu: kabla ya kuandika, kata kwa penseli mifano yote, marudio yote na maneno ya kupamba, halafu uone kimebaki nini. Tulifanya hivyo kwenye kifungu cha tisa, kinachohusu kilimo cha mkonge, na kilichobaki bila kukatwa kilikuwa karibu theluthi ya habari nzima, ambayo ndiyo iliyotakiwa.

Maelezo ya fani na maudhui ni ya kawaida, kama utakayoyapata kwenye daftari la mwanafunzi yeyote makini: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha kwa upande mmoja, dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa kwa upande wa pili. Sitakaa sana hapo. Ila kuna ukurasa mmoja, wa 29, unaotenganisha dhamira na ujumbe vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi zamani. Unampa mwanafunzi hadithi ya mistari kumi ya ndugu wawili waliogombea kisima mpaka kikakauka. Halafu unamtaka ajaze mara mbili: "Hadithi hii inazungumzia ..." na "Hadithi hii inatuambia kwamba ..." Pa kwanza linaingia neno au mawili, uchoyo kwa mfano, na hiyo ni dhamira. Pa pili lazima iingie sentensi nzima, kwamba mali ya wote ikigombewa hupotea kwa wote, na huo ni ujumbe. Mpwa wangu alikuwa akiandika jambo lilelile kwenye vichwa viwili tofauti. Siku hizi kabla ya kuandika namwona anatikisa midomo, anapima: inazungumzia, inatuambia. Kwa wahusika pia kuna jambo zuri, kwamba mhusika bapa si lazima awe mbaya wala duara si lazima awe mwema. Bapa ni yule asiyebadilika, duara ni yule anayebadilika kadiri mambo yanavyobadilika. Ni sentensi mbili tu, zingestahili mfano, lakini mfano haupo.

Sasa malalamiko, na kubwa liko ukurasa wa 52.

Sura ya ushairi inaanza vizuri sana. Inaeleza mizani, yaani hesabu ya silabi, kwa kupiga vidole mezani, si kwa kuhesabu herufi. "Nyumba" ni mizani mbili, nyu-mba. "Mtoto" ni tatu, m-to-to, kwa kuwa hiyo "m" inasimama peke yake. "Nchi" ni mbili. "Mbuzi" ni mbili, mbu-zi, kwa sababu hapo "m" imeshikana na "b". Wanafunzi wengi huanguka hapa, na kijitabu kimetoa maneno ishirini ya kufanyia mazoezi. Tuliyapiga yote juu ya kaunta, mimi na yeye, mpaka fundi wa viatu wa nje akachungulia kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo unakuja ubeti wa mfano, wa tarbia, yaani shairi la mishororo (mistari) minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane na nane. Lengo la ukurasa ni kuonesha vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho pamoja na inkisari, yaani pale mshairi anapofupisha neno ili mizani isizidi. Mishororo miwili ya kwanza imechapwa hivi:

Jahazi limetia nanga, bandarini limefika,
Kwa dhoruba na kwa janga, salama limeokoka.

Vina viko sawa: nga katikati, ka mwisho. Tukapiga vidole. Mshororo wa pili, kwa-dho-ru-ba-na-kwa-ja-nga, nane. Sa-la-ma-li-me-o-ko-ka, nane. Mshororo wa kwanza, ja-ha-zi-li-me-ti-a-na-nga. Tisa. Tukarudia. Tisa. Mpwa wangu akadhani amekosea yeye, akahesabu mara ya tatu kwa njiti za kiberiti, njiti moja kila silabi, akazipanga kwenye kioo cha kaunta. Njiti tisa.

Kilichotokea kiko wazi ukitazama maelezo ya chini ya ubeti. Yanasema: "Tazama mshairi alivyotumia inkisari katika kipande cha kwanza." Lakini kwenye kipande cha kwanza hakuna inkisari yoyote! Bila shaka mwandishi aliandika "Jahazi metia nanga", ja-ha-zi-me-ti-a-na-nga, nane kamili, akiwa amelifupisha "limetia". Kisha mtu wa kuchapa akaliona "metia", akadhani ni kosa la sarufi, akalirekebisha. Neno pekee lililokuwa linafundishwa kwenye ukurasa ule likaondolewa, na ukurasa ukawa unamfundisha mtoto kwamba masikio yake mwenyewe hayasikii vizuri. Kwa hili nimekasirika kweli. Mwanafunzi asiye na mtu wa kukaa naye ataziona njiti tisa, atasoma kwamba lazima ziwe nane, na ataamini kuwa ushairi hauwezi. Nakala zilizonibakia dukani nimezipitia zote kwa kalamu, nikakata "li" na kuandika pembeni: kosa la uchapaji.

Lalamiko la pili linatuhusu sana sisi tulio karibu na mpaka. Tanga tunapata vitabu vya pande zote mbili. Vya Kenya vinaingia kupitia mpaka wa Horohoro, ni vizuri, vina mazoezi mengi, na wazazi wanavipenda. Lakini istilahi hazifanani zote. Wenzetu wanasema chuku, sisi tunasema mubalagha, yaani kutia chumvi. Wanasema mbinu rejeshi au kisengere nyuma, sisi tunasema muundo wa rejea, yaani hadithi kurudi nyuma kusimulia yaliyopita. Wanasema ukwapi na utao kwa vipande viwili vya kwanza vya mshororo. Wanafunzi wetu wengi husema tu kipande cha kwanza na cha pili. Palipo pagumu kabisa ni kejeli na kinaya. Kwenye vitabu vya Kenya kinaya ni jambo kuwa kinyume cha lilivyotarajiwa, na kejeli ni dhihaka. Kwetu walimu wengi hufundisha kejeli kuwa ni kusema kinyume cha unachomaanisha. Mwanafunzi anayesoma vyote viwili bila kuelezwa hilo anachanganyikiwa kabisa. Na mwandishi wa kijitabu hiki amechota pande zote mbili bila kusema. Ukurasa wa 41 anatumia mubalagha. Ukurasa wa 70, kwenye maswali, anauliza kuhusu chuku, na chuku haimo kwenye orodha yake. Mwanafunzi anarudi nyuma kuitafuta, haioni, anaacha swali.

Nimeandika jedwali langu kwenye kadibodi, safu mbili, istilahi kumi na tano, nimelibandika ukutani pembeni ya mashine ya kopi. Walimu wawili wamelipiga picha kwa simu, na mmoja amenisahihisha kwenye istilahi moja, namshukuru. Jedwali kama hilo lingechukua nusu ukurasa tu kwenye kijitabu.

Kuhusu utengenezaji wenyewe: karatasi ni nyepesi, maandishi ya upande wa pili yanaonekana, na ukitumia kalamu ya wino inapenya. Tumia penseli. Zile pini mbili zinapata kutu upesi kwa hewa yetu ya bahari, na kurasa za katikati, ambazo ndizo za istilahi, huchomoka kwanza. Ukinunua kwangu nakuongezea pini mbili na gundi ya mgongoni bila malipo. Herufi za vifungu ni ndogo kuliko za orodha, jambo ambalo sijaelewa sababu yake, kwani vifungu ndivyo vinavyosomwa kwa muda mrefu.

Majibu yako mwisho, kurasa 84 hadi 95. Yale ya kutaja tu ni mafupi, lakini yale ya "kwa nini" yameandikwa kwa sentensi kamili, na mara mbili kijitabu kimetoa majibu mawili tofauti kwa swali moja na kusema yote yanakubalika ukitoa ushahidi kutoka kwenye kifungu. Hilo nimelipenda mno. Kwa swali la nyumba iliyokohoa, jibu lao ni kwamba linaonesha uchakavu wa nyumba. Jibu la mpwa wangu halimo. Alipoliona hilo alitaka kulifuta la kwake. Nilimzuia, nikamwambia alipeleke kwa mwalimu wake kama lilivyo, na mwalimu alilipa alama zote.

Ni cha nani basi? Kidato cha tatu na cha nne, kwa ajili ya ufahamu, ufupisho, tamathali na ushairi. Hakichukui nafasi ya kusoma riwaya, tamthiliya na diwani zenyewe. Maswali yanayotaka hoja tatu kutoka kila kitabu hayatajibiwa kwa kijitabu hiki hata kidogo, na hakijidai hivyo. Kwa kidato cha kwanza vifungu vitano vya mwanzo vinafaa, vingine vitawazidi. Mzazi ambaye hakusoma fasihi bado anaweza kukaa na mtoto wake kwenye kurasa za 60, kwa sababu maswali yamepangwa kumwongoza hata anayeuliza.

Na wanafunzi wanaokuja kwangu kwa ajili ya 38 mpaka 47, nimebadilisha utaratibu. Atakayetoa kopi hizo kumi nampa na ukurasa wa 60 bila kulipa. Mwezi uliopita kijana mmoja alirudi peke yake, bila kundi, na shilingi 300. Alitaka 61, 62 na 63.

Kabla hujanunua popote, fungua ukurasa wa 52 upige mshororo wa kwanza kwa vidole. Wiki hii mteja ameniletea nakala aliyoinunua mwezi huu jijini Dar es Salaam, na humo imeandikwa "metia", njiti nane. Pini bado ni mbili na chuku bado haimo kwenye orodha, ila mizani imekaa. Ukipata hiyo, chukua hiyo. Ukipata ya tisa, chukua tu, ukate "li" kwa penseli kabla mtoto hajaifungua.